Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Ukikutana naye asubuhi alikusalimu kwanza kama watu wote, mwangaluka, ukaitikia, kisha akakuuliza kama umepata choo. Hakushusha sauti. Aliuliza hivyo hivyo sokoni, mbele ya wakwe zako, na mara moja nje ya kanisa alimuuliza katekista aliyekuwa na kitabu cha ibada mkononi. Katekista akasema ndiyo, mama, namshukuru Mungu. Akaulizwa kigumu au laini. Sisi tuliosimama karibu tulijitia kutazama baiskeli zilizoegeshwa ukutani. Kwake ilikuwa habari ya kawaida, kama wengine wanavyouliza mvua imefika kwenu au bado.

Mtaani kwetu Bariadi tulimwita Mama Mgando, kwa sababu ya maziwa ya mgando aliyokuwa akiuza kibarazani kwake. Jina lake la kweli nilikuja kulijua nikiwa nimeshamkosea, kwa hiyo sioni kama nina haki ya kuliandika. Mimi nilikuwa jirani yake, mwenye duka la dawa baridi lililotazamana na kibaraza hicho. Niseme mapema nisije nikajificha nyuma ya sifa zake: nilimharibia kazi yake, nikamwacha amlaumu mtu asiyehusika, nikanyamaza miaka mingi. Haya yote nayaandika kwa aibu.

Wala hakuwa mtu wa kusimuliwa kwa sifa tupu. Alikuwa mchoyo wa kuni, mkali kwa watoto, na mpenda ugoro kiasi kwamba kanga zake zote zilikuwa na madoa mbele. Mkamwana wake hakuruhusiwa kugusa kibuyu hata kwa kukisogeza. Akikuchukia, alikuchukia kwa utaratibu: hakukutukana, hakukusema kwa watu, ila ukimsalimu hakuitikia. Kwetu Wasukuma mtu asiyeitikia salamu amekwisha kukuzika, na yeye alikuwa amewazika wawili au watatu ambao bado walikuwa wakitembea sokoni.

Na alikuwa na siri yake. Huyu mama aliyehubiri mtama na mgando kutwa nzima alipenda soda ya machungwa kuliko mtoto. Soda zilipoanza kupatikana kila duka alikuwa akija kwangu mchana, saa ambazo watu wamejipumzisha, anaagiza moja, anainywa nyuma ya mlango akiwa amenipa mgongo. Akimaliza anacheua, anasema ni kwa ajili ya gesi tu. Nilimcheka sana. Siku moja nilimwambia, mayu, yaani mama, hicho nacho ni chakula cha tumbo? Akanijibu kwamba hata ng'ombe mwenye akili huvunja uzio wa jirani mara moja moja, lakini harudi kulala huko.

Ng'ombe hawakumtoka mdomoni. Tumbo kwake lilikuwa zizi. "Zizi halikai tupu, ng'wanone," alikuwa akiniambia, maana yake mwanangu. "Usipoingiza ng'ombe wako, fisi atalala humo." Ng'ombe wake, kwa maelezo yake, walikuwa wamo ndani ya mgando na ndani ya uji uliochachuka, hawaonekani, lakini wanakula kama sisi na wana chakula wanachokipenda. Hawapendi unga mweupe. Wanapenda makapi, majani na maganda. Yeye asubuhi alikunywa uji wa mtama uliolala siku mbili, mchana ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akiyapika na karanga, na jioni alitafuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani hadi vikawa vigumu kama ngozi. Meno yake yalikuwa machache lakini matobolwa hayakumshinda.

Nilikuwa namsikiliza kama unavyomsikiliza mtu mzima, unaitikia ndiyo mayu huku moyoni unacheka. Mimi nilikuwa nimesoma. Mafunzo ya uhudumu wa afya, miezi michache, na cheti kilichowekwa kwenye fremu ukutani juu ya makopo. Katika mafunzo hayo nilielewa jambo moja tu, kwamba kijidudu ni adui na adui auawe. Sasa mwanamke asiyejua kusoma ananiambia tumbo lina mifugo.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Tuliokulia kwenye foleni za sabuni na sukari tulikuwa kama watu waliofunguliwa mlango wa ghala. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini, hela ya pamba ikafika mikononi mwa watu papo hapo, na madukani kulikuwa na vitu ambavyo hata majina yake tulikuwa tunajifunza: biskuti za kila aina, juisi za unga za kukoroga zenye rangi ya kutia doa nguo, mikate iliyokatwa tayari kutoka Mwanza. Kula mtama ikawa ishara kwamba mambo yako hayajanyooka. Mtu akitembelewa na mgeni alificha michembe, vile vipande vya viazi vikavu, akatuma mkate.

Dawa nazo zikawa ruksa, au sisi tulizifanya ruksa. Kulikuwa na vidonge vya vikopo vidogo vyenye rangi mbili, na ndivyo tulivyoviita, rangi mbili. Ni dawa ya kuua vijidudu, ya kutolewa na daktari, tena dozi kamili. Mimi niliuza viwili viwili. Mtu akisema tumbo, nilikuwa nimeshafungua kopo. Amekula nyama ya sikukuu ikamzidi, rangi mbili. Jino linamsumbua, rangi mbili. Waliponishukuru nilijiona daktari kabisa.

Mama Mgando peke yake ndiye aliyekuwa akiwarudisha wateja wangu njiani. Anamwona mtu anatoka kwangu na kikaratasi kilichokunjwa, anamwita, anamuuliza choo chake, kisha anamwambia: hiyo inachoma zizi lote, itaua fisi na ndama pamoja, njoo kwanza unywe kikombe. Wengine walikunywa wakapona, wakampa yeye sifa, mimi wakanirudishia vidonge vyangu. Niliumia. Nilijiambia naumia kwa sababu ya afya ya jamii.

Nieleze sasa habari ya vibuyu, maana hapo ndipo penye kosa langu. Alikuwa na vibuyu vikubwa vinne na kimoja kidogo. Maziwa aliyachemsha, akayaacha yapoe hadi kidole kivumilie, ndipo akayamimina kwenye vile vikubwa, ambavyo kila asubuhi alivisuuza kwa maji ya moto na kuvifukiza moshi wa kijinga cha moto. Kile kidogo hakikuoshwa kamwe. Ndani yake ilikaa mbegu, yaani mgando wa jana unaoachwa ili ugandishe wa leo, na wa leo unaachwa kwa ajili ya kesho. Mbegu hiyo alikuja nayo kutoka Nkololo alipoolewa, na huko ilikuwapo kabla yake. Wakati wa ukame maziwa yakikosekana kabisa, aliwahi kuniambia, alimwomba mtu kikombe kimoja tu kwa siku, si cha kunywa, ni cha kuilisha mbegu.

Mwaka ule watoto wa mtaa wetu walishikwa na kuhara. Bwana afya akaja, akapita nyumba kwa nyumba, kisha akaingia dukani kwangu, akaketi, akaniuliza mimi kama mtaalamu mwenzake nadhani chanzo ni nini. Mtaalamu mwenzake. Neno hilo lilinilevya. Nilitazama kibaraza cha ng'ambo nikasema, angalia vile vibuyu visivyojua sabuni.

Maneno hayo hayakuwa hata yangu. Wiki moja nyuma Mama Mgando alikuwa amegombana na mama wa maandazi, mjane aliyekuwa akikaanga maandazi pembeni mwa barabara, mtu mpole ambaye hasira ilimtoka mara moja kwa mwaka. Mama Mgando alimwambia mteja wa maandazi aliyefunga choo kwamba ni ule unga mweupe umemkaba. Yule mama alivumilia, akavumilia, mwisho akasimama na mwiko wake mkononi akasema mbele ya watu: na wewe na vibuyu vyako visivyojua sabuni! Watu walicheka. Jioni yake walikuwa wamepatana, wamepeana hadi moto.

Bwana afya akavuka barabara, akamwambia Mama Mgando kwamba ameletewa taarifa ya vibuyu visivyojua sabuni. Kwa maneno hayo hayo. Nilimwona Mama Mgando akigeuza kichwa polepole kuelekea kwenye karai la maandazi. Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Sikusema. Badala yake nilitoka na sabuni ya unga na brashi, nikavuka, nikasema kwa sauti tamu, mayu, usihangaike, acha nikusaidie kuosha.

Niliviosha mwenyewe. Aliniomba kile kidogo nikiache, akakishika kwa mikono miwili, na bwana afya akasema hapana, hicho ndicho kibaya zaidi, kinanuka. Mama Mgando akaniachia. Nilikimwaga mferejini, nikatia maji ya moto na sabuni na mchanga, nikasugua hadi kikatoa povu jeupe. Nilijisikia vizuri, sitaficha. Na yeye, masikini, akanishukuru. "Wabeja," akasema, asante, kwa sababu aliona nimetumia sabuni yangu.

Siku chache baadaye bwana afya mwenyewe aligundua kwamba watoto wote waliougua walikuwa wakinyweshwa maji ya lambo bila kuchemshwa, kwa kuwa pampu ya kisima ilikuwa imekufa. Pampu ikatengenezwa, kuhara kukaisha. Hakuna aliyerudi kumwambia Mama Mgando neno lolote.

Maziwa yake hayakuganda tena. Alichemsha, akamimina, akasubiri, yakatoka maji ya kijani yenye uchungu na harufu ya sabuni. Akamwaga. Akarudia mara ya pili, ya tatu. Mwishowe alikwenda Nkololo kutafuta mbegu kwa ndugu zake akakuta wengi wameshaacha, wanauza maziwa mabichi kwa wachuuzi wa baiskeli. Alipata kidogo kwa bibi mmoja, akarudi nayo kwenye kibuyu kimoja. Lakini wateja walikuwa wamezoea soda. Alibaki kugandisha yake na ya wajukuu tu. Na tangu siku ile hakumwitikia mama wa maandazi.

Yule mama alijaribu. Kila asubuhi akipita na ndoo alisema mwangaluka, mayu. Kimya. Mimi nikisema mwangaluka naitikiwa, tena naulizwa choo. Nilikuwa napanga chupa zangu na kusikia salamu ile ikianguka chini kila siku ya Mungu, nikijua ni yangu, nikajiambia wakubwa watapatana wenyewe.

Kisha akaugua mwanangu.

Kabula alikuwa na miaka minne, mtoto wa pekee wa nyumba yangu, na nilimlea kwa vitu vyote nilivyovikosa utotoni. Asubuhi biskuti, mchana mkate na juisi ya kukoroga, ugali aliusukuma pembeni nami nikafurahi kwamba mwanangu si mtoto wa ugali. Akilalamika tumbo, nilifungua kopo. Akiharisha, kopo. Sijui mara ngapi. Mganga hajigangi, lakini mimi nilijiganga mwenyewe kupitia kwa mtoto. Ikafika mahali akala hiki kikatoka, akala kile kikakwama siku nne, tumbo likavimba likawa gumu, miguu ikawa miembamba. Baba yake, mume wangu, alikuwa Malampaka kwenye ununuzi wa pamba. Nikambeba kwenda hospitali.

Daktari alikuwa mzee, mtaratibu. Alimpima, akapima na kinyesi chake, kisha akaniuliza nimekuwa nikimpa nini. Nikataja biskuti. Akauliza dawa. Nikasema kidogo. Akaweka kalamu chini, akaniuliza tena, na nikajikuta nahesabu kwa vidole huku machozi yananitoka, mimi mwenye cheti ukutani. Hakunigombeza. Alieleza kwamba utumbo una bakteria wake wema, wengi mno, wanaosaga chakula na kuwazuia wale wabaya wasipate nafasi. Kwamba dawa zile hazichagui. Kwamba nimewaua wema pamoja na wabaya, kisha waliobaki nimewanyima chakula, maana hawaishi kwa biskuti. Akaandika dawa ya maji ya chumvi na sukari, akasema zilizobaki zote ziachwe. Uji wa mtama, mboga za majani, viazi, kidogo kidogo. "Na mtafutie mgando mzuri," akasema. "Huko kwenu hakukosekani."

Nilirudi nimembeba Kabula, nikapita duka langu bila kulifungua, nikavuka barabara na jagi. Nilisimama kwenye kibaraza kile kama mwizi aliyerudi kuomba chakula kwenye nyumba aliyoiibia. Mama Mgando alimtazama mtoto, akamgusa tumbo kwa mgongo wa kidole, akanitazama mimi. Hakuuliza. Akaenda kuleta kibuyu chake kile kimoja.

Alimlisha yeye mwenyewe wiki nyingi. Siku ya kwanza kijiko kimoja, siku ya pili kijiko kimoja, nikamwambia aongeze, akanikemea kwamba ng'ombe wageni hawaingizwi zizini kwa mkupuo, watapigana. Baadaye uji uliochachuka. Baadaye nsansa iliyopondwa laini. Kabula alilia, akatema, yeye akangoja bila kubembeleza, akampa tena. Wajukuu zake walikuwa wakinyimwa mgando ili mwanangu apate, nilijua hilo pia. Siku Kabula alipopata choo cha kawaida, Mama Mgando alitoka nje akautangazia mtaa mzima kama vile mtoto amefaulu mtihani. Hata mama wa maandazi alipiga kigelegele kutoka kwenye karai lake. Mama Mgando akaingia ndani.

Ningesema siku hiyo. Nilikuwa na neno mdomoni. Lakini niliogopa kwamba akijua, kesho kibuyu hakitatoka, na Kabula alikuwa bado mwepesi kama kuku mgonjwa. Hicho ndicho kisingizio nilichokuwa nacho. Kabula alipona kabisa, akanenepa, akaanza shule, kisingizio kikaisha, na bado sikusema. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wanasema. Mwosha nilikuwa mimi.

Duka la dawa nililifunga mwenyewe, nikaanza kuuza vitenge. Mama Mgando alizeeka, binti yake akamchukua kwenda kuishi naye Nkoma. Miaka ikapita. Kabula aliolewa. Halafu siku moja mama wa maandazi akafariki, tukamzika Bariadi, na nikiwa naosha vyombo vya msiba na binti zake, mmoja wao akasema mama alikuwa akiuliza hadi mwisho kama kuna mtu anayekwenda Nkoma. Sikumaliza kuosha vile vyombo.

Nilikwenda baada ya arobaini. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, anachagua choroko kwenye ungo, amekuwa mdogo, macho yameingia ukungu, lakini alinitambua kwa sauti. Mwadila, nikasema, kwa kuwa ilikuwa mchana. Akaitikia. Akauliza choo changu, akauliza cha Kabula. Tulicheka. Kisha akasema amesikia yule wa maandazi amekufa.

Akaniambia kwamba yule mama alikuja. Mwaka juzi. Alipanda gari kutoka Bariadi na miguu yake imevimba, ameleta sukari na kanga, akasimama pale mlangoni, ambapo Mama Mgando alinionyesha kwa kidevu. Akasema mwadila mara tatu. "Sikumwitikia," Mama Mgando akasema. "Akaondoka. Aliniulia mbegu yangu kwa mdomo wake, na hakuwahi kuomba radhi hata siku moja."

Binti yake alikuwa akipita na kuni. Nilingoja apite. Halafu nikaona kwamba hata hapo bado natafuta pa kujificha, nikasema kabla hajafika mbali.

"Mayu, siye aliyesema. Ni mimi."

Mikono yake ilisimama ndani ya choroko. Nikaeleza yote, bwana afya, maneno niliyoyaokota, sabuni. Nilieleza vibaya, nikarudia rudia, nikilia. Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Akasema, polepole, kana kwamba anapiga hesabu ya mifugo iliyopotea:

"Wewe nilikuitikia kila siku."

Alimwita binti yake akamwambia kesho yake asubuhi apelekwe Bariadi. Binti akasema mama, huna nguvu za safari. Akasema basi abebwe.

Alibebwa. Tulifika makaburini jua likiwa tayari kali, watoto wa marehemu wamekuja, wanashangaa kilichomleta. Alishushwa karibu na udongo ule ambao ulikuwa bado haujaota majani. Akaegemea fimbo, akainama, akaitikia. Mwadila. Mwadila. Mwadila. Mara tatu, akiacha nafasi katikati kama anayemsikiliza mtu. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanipapasa hadi akanipata, akanivuta mbele.

"Haya, mwambie."

Watoto wa yule mama walikuwa wamesimama ng'ambo ya kaburi, wananitazama. Nikasema. Nilisema ni mimi niliyesema kwa bwana afya, ni mimi niliyenyamaza. Sauti ilitoka ndogo, nikidhani inatosha.

"Sema tena," akaniambia Mama Mgando. "Hajasikia."